Mkono Usio na Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Maski na Brashi katika Albamu ya Familia

Usuli

Familia moja ya mji wa pwani ya Tanzania iliagiza albamu ya kuadhimisha miaka 50 ya ndoa ya wazazi wao. Wazazi nitawaita Mzee na Bibi. Binti yao aliyesimamia kazi nitamwita Mteja, na mwanamke mwenye ofisi ndogo ya picha na kadi aliyeitengeneza nitamwita Fundi. Majina na mahali havitajwi, na baadhi ya udugu umebadilishwa ili watu wasitambulike. Fundi mwenyewe alinikabidhi faili zote, yakiwemo matoleo yaliyokataliwa, tukayapitia leya kwa leya, yaani tabaka kwa tabaka jinsi picha na mapambo yalivyopangwa juu ya mengine. Alitaka kisa kiandikwe kwa sababu kilichomkuta kinawakuta wengi wanaotoka kwenye kadi za harusi na kuingia kwenye kurasa za kumbukumbu za familia.

Albamu yenyewe ilikuwa ya jalada gumu, sentimita 30 kwa 30, kurasa 40, nakala mbili. Moja ingebaki nyumbani, nyingine ingepelekwa Maskati kwa mdogo wake Bibi. Muda uliokuwepo ni wiki sita.

Picha zilikuwa za namna tatu. Kwanza za studio za miaka ya sabini, nyeusi na nyeupe, ndogo za sentimita 9 kwa 13, baadhi zikiwa na madoa ya unyevu. Pili za rangi za miaka ya themanini na tisini, ambazo zilikuwa zimegeuka wekundu. Tatu za simu. Sehemu ya zile za zamani kabisa ilikuwa Maskati, na ilibidi ndugu wa huko aziskani na kuzituma.

Mteja alikuwa ameona kurasa za skrapubuku ya kidijitali, mtindo ulioshamiri Marekani, ambako kurasa za picha huchanganywa na karatasi za mapambo, maandishi na michirizi ya rangi. Alichotaka alikisema vizuri: "Dada, sitaki picha zipangwe kama za vitambulisho. Nataka zionekane kama zimeota kwenye karatasi." Kwa lugha ya kazi hiyo ni maski na brashi: maski inaamua sehemu gani ya picha ionekane na ipi ifichike, brashi inaamua ukingo kati ya hizo mbili uweje.

Jinsi kazi ilivyoanza

Mwanzo ulikuwa mzuri. Fundi aliskani picha ndogo za studio kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa hivyo inatoa takriban pikseli 2126 kwa 3071, kwa hiyo inaweza kuchapwa hadi sentimita 26 upande mrefu kwa kiwango cha 300 bila kuvutwa. Wengi huskani kwa 300 kisha wanashangaa sura zinapolainika kama zimepakwa mafuta.

Kila jozi ya kurasa aliifungua kama faili moja: sentimita 60 kwa 30, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, yaani takriban pikseli 7157 kwa 3614. Kwa ukubwa huo leya moja tu iliyojaa ukurasa wote inabeba karibu MB 78 za data. Weka leya 20 na laptopu ya kawaida inaanza kuhema. Jambo hili litarudi huko mbele.

Kisha alinunua kiolezo mtandaoni: karatasi ya kahawia yenye mikunjo, pamoja na maski tayari, yaani maumbo meusi yenye kingo za brashi zilizochakaa, kila moja ikiwa faili ya PNG isiyo na mandhari. Zinatumika kwa kubana. Umbo linakaa chini, picha inawekwa juu yake, halafu picha inabanwa kwenye umbo. Katika Photoshop, programu ya kuhariri picha, ni vitufe vya Ctrl, Alt na G kwa pamoja. Palipo na rangi kwenye umbo picha inaonekana, pasipo na rangi haionekani.

Maski za skrapubuku kuuzwa kwa sura hii kuna historia yake. Wapenzi wengi wa kazi hii walitumia Photoshop Elements, toleo rahisi la programu hiyo, ambalo lilipata maski za leya katika toleo la 9 tu, mwaka 2010. Kabla ya hapo kubana ndiyo ilikuwa njia yao, na watengenezaji wa violezo wakazoea kuuza maumbo ya kubana. Hadi leo ukinunua kiolezo mara nyingi unapata umbo la aina hiyo. Fundi alikuwa amezoea maski ya leya, ile inayoshikamana na picha yenyewe na kupakwa kwa nyeupe inayoonyesha na nyeusi inayoficha. Hakuwa amewahi kutumia zote mbili kwenye picha moja.

Yaliyotokea

Jozi ya tatu ilikuwa moyo wa albamu: picha ya pamoja ya siku ya harusi. Bibi harusi ameketi kwenye kiti cha mbao, bwana harusi yuko kando yake, nyuma yao wamesimama ndugu safu mbili. Ukingoni kabisa kushoto amesimama mwanamke wa makamo, gauni jeusi na mtandio, mkono wake wa kulia umetua begani kwa bibi harusi. Mkononi ana bangili mbili.

Fundi aliibana picha hiyo kwenye umbo kubwa la kiolezo, akaongeza michirizi ya brashi kushoto na kulia, akaliweka umbo hilo, lenye picha iliyobanwa juu yake, katika modi ya maltiplai, inayochanganya mwanga wa leya na wa kilicho chini yake, ili karatasi ya kahawia ionekane kupitia picha. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Mteja aliiona kwenye simu, akajibu kwa furaha.

Mwisho wa wiki ya tatu zilichapwa kurasa sita za majaribio kwenye karatasi isiyong'aa, ileile ya albamu, na Fundi akazipeleka nyumbani kwa wazee. Mzee alipita haraka, akicheka na kutaja majina. Bibi alivaa miwani, akausogeza ukurasa karibu na dirisha, akakaa nao kimya.

"Mwanangu," alimwuliza binti yake, "mkono huu wa nani?"

"Si wa somo wako, mama?"

"Somo mwenyewe yuko wapi?"

Mkono ulikuwepo begani, na bangili zake. Kuanzia kwenye kiwiko mwili ulikuwa umeyeyuka. Kingo za umbo la kiolezo zilikuwa zimepita juu ya uso wa yule mwanamke na kuacha kivuli cha robo, na gauni jeusi lililozamishwa kwenye karatasi ya kahawia halikutofautika na mikunjo yake. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa somo wa Bibi, aliyemfunda na kusimama naye siku ile. Amekwisha kufariki. Familia haina picha yake nyingine.

Fundi alijibu jambo moja ambalo lilikuwa kweli na lilituliza: "Yupo, mama, shikamoo yake haijapotea. Sijamfuta, amefunikwa tu." Akafungua laptopu palepale amwonyeshe. Akaenda kwenye picha, akaiwekea maski ya leya, akashika brashi nyeupe na kupaka juu ya uso wa somo. Hakuna kilichotokea. Akaongeza ukubwa, akapaka tena. Uso ukabaki vilevile, wazee wakitazama.

Aliomba ruhusa ya kurudi nayo ofisini.

Kurasa hizo za majaribio zilitoa makosa mengine mawili ambayo kioo kilikuwa kimeyaficha. La kwanza ni nyuso. Karibu kila picha ya miaka ya sabini iliyowekwa katika maltiplai ilitoka na nyuso nzito. Macho yalionekana, lakini mashavu, paji la uso na mistari ya tabasamu vilikuwa vimefungana. La pili ni mstari. Katika jozi mbili, pale picha ilipotakiwa kufifia hadi kuisha, palionekana mstari mwembamba ulionyooka, ukingo halisi wa picha, umbali wa sentimita mbili kutoka mahali ambapo jicho lilidhani picha imekwisha.

Kosa la nne lilikuwa la wiki iliyofuata, na halikutokana na kutoelewa. Laptopu ilikuwa imelemewa na jozi ya kumi na moja, picha ya Mzee na wenzake wa kazi wakiwa mbele ya lori, iliyoskaniwa Maskati. Usiku, akiwa na haraka, Fundi aliacha maski akatumia raba ya kingo laini kufuta pembeni ya picha, akaunganisha leya zote kuwa moja ili faili iwe nyepesi, akahifadhi juu ya faili ileile. Skani yenyewe alikuwa ameifungua na kuifanyia kazi moja kwa moja, bila nakala.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini brashi nyeupe haikumrudisha somo? Jibu lilipatikana Fundi alipozima leya moja baada ya nyingine. Picha ilikuwa imefichwa na umbo lililo chini yake. Maski aliyoiongeza juu ya picha ilikuwa nyeupe tayari, na kupaka nyeupe juu ya nyeupe hakubadilishi kitu. Maski hizo mbili zinafanya kazi kwa pamoja, na kila moja inaweza kupunguza tu kile ambacho nyingine imeruhusu. Anayetaka kurudisha kilichofichwa na umbo lazima ashuke kwenye leya ya umbo na kuongeza rangi pale. Rangi yoyote, iwe nyekundu au ya kijani, matokeo ni yaleyale, kwa sababu kinachohesabika kwenye umbo la kubana ni kuwepo kwa rangi na ukolezi wake.

Baada ya kulielewa hilo alikuwa na njia mbili. Angeweza kupaka kwenye umbo la kiolezo, eneo la somo tu, na kuendelea. Njia ya haraka. Alijaribu, na kweli somo alirudi, lakini ukingo wa kushoto ukawa na kiraka: michirizi iliyochakaa juu na chini, katikati duara laini. Jicho lilikwenda moja kwa moja pale. Kwa hiyo aliliacha umbo la kiolezo kabisa, akaanza upya na maski ya leya, akipaka ukingo wote kwa mkono mmoja na brashi moja. Naona huu ndio uamuzi bora wa kazi nzima, kwa kuwa uligharimu siku nzima na hakuna aliyemlazimisha.

Kabla ya kupaka chochote alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mwanzo. Alichapa picha ya harusi kwenye karatasi ya kawaida, akamwomba Mteja akae na mama yake na kuandika majina ya kila mtu aliyemo. Karatasi ilirudi na majina yote, pamoja na vitu ambavyo havikuwa watu: zulia la studio, pazia lililochorwa minazi, na kikapu kilicho sakafuni chini kulia, ambacho Bibi alisema kilikuwa na zawadi. Fundi akachora mstari mwekundu kuzunguka kila kilichotajwa. Maski ingeruhusiwa kula nje ya mstari huo tu.

Nafasi iliyobaki ilikuwa finyu: dari ya studio juu, kipande cha sakafu chini, na kushoto karibu hakuna kitu. Hapo akaamua picha isiote kwenye karatasi kwa pande zote nne. Juu na chini ingefifia. Kushoto na kulia ingebaki na ukingo wake halisi, ulionyooka, pamoja na mstari mweupe wa karatasi ya studio. Mteja alisita kidogo, akakubali baada ya kuona.

Brashi ya kufifishia juu na chini hakuichukua kwenye kiolezo. Alipiga picha mkeka wa nyumbani kwa Bibi, kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni ili ukili utokeze. Akaigeuza nyeusi na nyeupe, akakaza tofauti ya mwanga na giza, akaihifadhi kama brashi. Programu husoma giza la picha kama wino na weupe kama utupu, hivyo mistari ya kivuli kati ya ukili ndiyo iliyopaka. Alipoitumia kwenye maski kwa rangi nyeusi, dari ya studio ilianza kuyeyuka kwa mpangilio wa msuko, na karibu na ukingo ule msuko ukatambulika. Mtu asiyeambiwa anaona tu karatasi nzuri. Bibi aliutambua mkeka wake.

Kuhusu nyuso, hesabu yenyewe inaeleza. Maltiplai huzidisha mwanga wa picha kwa mwanga wa karatasi iliyo chini. Karatasi ya kahawia yenye mwanga wa 200 katika kipimo cha 0 hadi 255 inashusha shati jeupe la 255 hadi 200, na hilo linapendeza, shati linaonekana limezeeka pamoja na karatasi. Lakini uso wa 70 unashuka hadi 55, na kivuli cha chini ya kidevu cha 40 kinashuka hadi 31. Kwenye kioo kinachowaka tofauti ya 55 na 31 bado inaonekana. Kwenye karatasi isiyong'aa, wino wa maeneo hayo unaungana. Watu weusi waliopigwa picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, chini ya taa za studio, mara nyingi wana sura zilizokaa tayari katika theluthi ya giza ya kipimo hicho. Violezo vingi vinaonyeshwa kwa picha za watu weupe, ambao nyuso zao ziko kwenye 180 na zaidi, na kwao maltiplai haidhuru kitu. Fundi yeyote wa Afrika Mashariki anayenunua violezo hivyo anapaswa kulijua hili kabla ya kufungua faili.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kupaka nyeupe kwa brashi laini, ukolezi wa asilimia 20, juu ya nyuso. Zikatoka na rangi ya majivu, kama zimepakwa poda. Akaifuta leya hiyo, na alifanya vyema, maana weupe uliomwagwa juu ya ngozi nyeusi hauiangazi, unaondoa weusi wake tu. Njia iliyofaa ilikuwa mbili kwa pamoja. Alinakili picha, akaiweka nakala juu katika modi ya kawaida, akaipa maski nyeusi kabisa, kisha akapaka nyeupe polepole kwenye nyuso na mikono tu, mtiririko wa brashi ukiwa asilimia 15, hadi ngozi ikarudi kama ilivyo kwenye skani. Juu yake akaweka leya ya kurekebisha mwanga iliyoinua maeneo ya giza bila kugusa yale yenye mwanga, na maski yake ikawa nakala ya ile ya nyuso. Mashati na pazia vikabaki vimezama kwenye karatasi, nyuso zikatoka nje.

Mstari ulionyooka aliumaliza kwa kuitazama maski yenyewe. Ukibonyeza kijipicha cha maski huku umeshika Alt, Photoshop na GIMP, programu ya bure ya kazi hiyohiyo, zote zinaonyesha maski peke yake, nyeusi na nyeupe. Pale alipodhani amepaka nyeusi tupu palikuwa na kijivu hafifu sana, cha asilimia mbili au tatu, kilichoachwa na brashi laini isiyofika mwisho. Kijivu hicho kilikuwa kinaonyesha picha kidogo, na picha ilipokoma, mstari ukazaliwa. Alifungua leveli, zana ya kurekebisha weusi na weupe, juu ya maski na kusogeza alama ya weusi ndani kidogo, kijivu chote hafifu kikawa nyeusi.

Lilikuwepo pia suala la haki ya matumizi. Seti mbili za brashi za bure alizokuwa amepakua ziliandikwa kwa matumizi binafsi tu, na albamu hii ni kazi ya kulipwa. Alizitoa, akabakiza zile za kiolezo alichonunua na za kwake mwenyewe.

Matokeo

Jozi tano kati ya 20 zilifanywa upya. Kurasa za majaribio za pili zilichapwa wiki ya tano, Bibi aliangalia jozi ya tatu peke yake na kusema, "Haya, sasa amekaa." Albamu mbili zilitoka siku mbili kabla ya sherehe. Nakala ya Maskati iliondoka na mgeni.

Jozi ya kumi na moja haikupona. Leya zilikuwa zimeungana na raba ilikuwa imekula upande wa kushoto wa lori, pamoja na maandishi ya ubavuni ambayo Mzee alitaka hasa, kwa sababu yalikuwa jina la alikofanya kazi. Ndugu wa Maskati alikuwa amefuta skani yake, na picha ya karatasi alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe aliyekuwa safarini. Iliyobaki ni nakala iliyopita kwenye kundi la familia la WhatsApp, pikseli 1280 kwa 960. Kwa kiwango cha 300 inatosha chini kidogo ya sentimita 11. Fundi aliichapa kwa upana wa sentimita 10, ikiwa na ukingo wake wote, katikati ya ukurasa mtupu, na chini yake maelezo ya Mzee kwa maneno yake mwenyewe. Hakujaribu kuikuza. Ndilo jambo la heshima lililobaki kufanywa, ingawa ukurasa ule ungeweza kuwa mkubwa.

Uchambuzi

Kosa la jozi ya tatu lilionekana la kiufundi, lakini mzizi wake ulikuwa kabla ya ufundi. Umbo la kiolezo limechorwa kwa dhana kwamba cha maana kiko katikati na pembeni ni pambo. Dhana hiyo ni sahihi kwa picha ya mtoto mmoja bustanini. Picha ya pamoja ya harusi ya pwani haina katikati ya namna hiyo. Wanaosimama pembeni mara nyingi ndio wenye kazi: somo, shangazi aliyepika, mtoto aliyetumwa kuita wengine. Mpiga picha aliwabana hadi ukingoni kwa sababu hakutaka kumwacha mtu nje, na maski inayokula sentimita mbili kila upande inafanya kile alichokataa kukifanya.

Karatasi ya majina ndiyo iliyookoa albamu, na ilikuwa ya bei ya karatasi moja. Fundi sasa anaiomba mwanzo kwa kila picha yenye watu zaidi ya wanne. Ningeongeza kwamba majina yaulizwe kwa mtu mzee kuliko wote anayeweza kuona, si kwa anayelipa. Mteja, mwenye picha hiyo tangu utotoni, aliipitisha kwenye simu bila kugundua chochote. Kwake mkono ulikuwa wa somo hata kama somo hayupo, kwa sababu tayari anaijua picha kichwani na jicho lake lilijaza pengo. Hapa simu nayo ina lawama yake: kwa ukubwa ule mkono ni nukta chache.

Kwamba somo aliweza kurudi ni sifa ya maski, na kwamba lori halikurudi ni gharama ya raba. Fundi alilijua hilo. Hakuna fundi wa picha asiyejua kwamba raba inaondoa na maski inaficha. Kilichomshinda ni uzito wa faili. Kwa hiyo ushauri wa "tumia maski kila wakati" haumsaidii mtu mwenye laptopu iliyokwama saa tano usiku. Kinachomsaidia ni kupunguza uzito kabla haujamfikisha hapo. Faili ya jozi ingeweza kugawanywa kuwa kurasa mbili zinazounganishwa mwishoni, isipokuwa pale picha inapovuka mkunjo. Karatasi ya mandhari na mikunjo yake, ambayo haitabadilika tena, ingeweza kuunganishwa kuwa leya moja bila hasara. Na skani zote zingewekwa kwenye folda ambayo hakuna anayefanyia kazi ndani yake. Faili inayochorwa iwe nakala, yenye jina jingine, tangu dakika ya kwanza. Nakala ya pili ikae kwenye fleshi, si kwenye mashine ileile.

Na picha zinazotoka mbali zitumwe WhatsApp kama hati, si kama picha. Zikitumwa kama picha zinapunguzwa. Ndugu wa Maskati alituma skani ya lori kama hati, na kwa njia sahihi kabisa. Nakala iliyopunguzwa ni ile aliyoirusha kwenye kundi ili watu waione, na ndiyo iliyoishi.

Brashi ya mkeka ilifanikiwa kwa sababu mbili, na ya pili haisemwi sana. Ya kwanza ni kwamba ilitoka nyumbani kwa wenye albamu. Ya pili ni ukubwa. Fundi aliipiga kwa kamera nzuri, brashi ikawa na pikseli 2500 za asili, na hakuitumia kwa ukubwa unaozidi hapo. Brashi nyingi za bure za matone na michirizi zilikuwa na pikseli mia sita au pungufu. Zikivutwa hadi elfu mbili kingo zake zinakuwa na ukungu, na kwenye chapa ukungu wa brashi karibu na picha kali unaonekana kama uchafu wa mashine. Katika jozi ya saba bado kuna tone moja lenye ukungu wa namna hiyo, lililopigwa mara tatu bila kuzungushwa. Ukiliona mara moja huachi kuliona. Tone lipigwe kwenye leya yake lenyewe, lizungushwe, lipunguzwe ukolezi, na la tatu liachwe.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani na Fundi. Alipomrudisha somo, alikuta doa la unyevu limekula sehemu ya mtandio na sikio la kushoto. Aliliziba doa la mtandio kwa kunakili kitambaa cha karibu, na hilo ni sawa. Sikio alilichora kwa kulinakili la kulia na kuligeuza. Familia imefurahi, na hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa aliwaambia. Lakini hiyo ndiyo picha pekee ya mtu yule, na katika nakala ya Maskati hakuna palipoandikwa kwamba sikio lile ni la kuchora. Nilimshauri aandike maneno machache kwenye ukurasa wa mwisho wa nakala zijazo, ataje picha zilizozibwa na wapi, na awape familia skani isiyoguswa kwenye fleshi pamoja na albamu. La fleshi amelikubali na ameshawapelekea. La maandishi bado tunalijadili. Anaona ukurasa wa mwisho wa albamu ya ndoa si mahali pa orodha ya matengenezo, nami naona wajukuu watakaoifungua miaka 50 ijayo hawatakuwa na mtu wa kumwuliza.